Masafa ya wote yana sheria zake

"Fundi, hebu ongeza nguvu kidogo." Hilo ndilo ombi ninalolisikia kuliko yote tangu nianze kazi ya kufunga mitandao isiyotumia waya. Mteja anaona alama za mtandao zimepungua kwenye simu yake, au video inagota, na papo hapo anaamini dawa ni kuipa ruta nguvu zaidi. Mara nyingi mimi hufanya kinyume: ninapunguza. Nataka kueleza sababu, maana jibu halimo ndani ya ruta peke yake. Limo kwenye sheria za masafa ya redio tunayoyatumia bila leseni, na kadiri ninavyozidi kufanya kazi chini ya sheria hizo ndivyo ninavyozidi kuziheshimu.

Kifaa chochote cha Wi-Fi kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huja na masharti mawili, yakiwa mgongoni mwake au kwenye kijitabu cha maelezo. La kwanza, kisisababishe usumbufu wenye madhara kwa wengine. La pili, kikubali usumbufu wowote kitakaoupata, hata ule utakaokifanya kishindwe kufanya kazi inavyotakiwa. Nchi nyingine zina maneno yake, ila kiini ni kilekile: umeruhusiwa kurusha mawimbi, lakini huwezi kudai usikike. Mwenye leseni akisumbuliwa anakwenda kwa mdhibiti na analindwa. Mimi na wewe tukisumbuliwa na Wi-Fi ya jirani anayefuata kanuni, hatuna pa kushtaki. Inabidi tuelewane naye.

Watu wengi hudhani bendi ya gigahezi 2.4, yaani kipande hicho cha masafa, ilitengwa kwa ajili ya intaneti. Haikuwa hivyo. Mwaka 1947, kwenye mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Atlantic City, nchi zilikubaliana kutenga vipande vya masafa kwa mashine za viwandani, za kisayansi na za tiba. Mashine hizo hazitumi ujumbe wowote. Zinatoa nishati ya kupasha joto, na zilihitaji sehemu ya kuitolea bila kuvuruga redio za watu. Kipande kilicho karibu na megahezi 2450 ni kimojawapo, na kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, bado zinasema kwamba huduma yoyote ya mawasiliano inayotumia vipande hivyo ivumilie usumbufu wa mashine zile. Ndiyo maana kwa miaka mingi hakuna aliyeyagombania masafa hayo.

Kisha mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikafanya jambo ambalo mhandisi wake Michael Marcus alikuwa amelipigania kwa muda mrefu. Iliruhusu vifaa vinavyotawanya mawimbi yake kwenye upana mkubwa wa masafa virushe hadi wati 1 katika bendi tatu za aina hiyo, bila mtumiaji kuomba leseni. Kiwango cha kwanza cha 802.11, ambacho ndicho mzizi wa Wi-Fi, kilitoka mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde. Yaani ruhusa ilitangulia, teknolojia ikaja nyuma yake. Hakuna aliyetakiwa kwanza kuthibitisha kwamba ana jambo la maana la kufanya na masafa yale. Kwangu hilo ni moja ya maamuzi bora ya kidhibiti yaliyowahi kufanywa katika fani yetu, na sioni likitajwa inavyostahili.

Historia hiyo si ya vitabuni tu. Niliwahi kuitwa kwenye zahanati moja ambako mtandao ulikuwa ukidorora kila adhuhuri. Wauguzi walikuwa wameshazoea, wakisema saa ya mapumziko haina intaneti. Nilikaa kwenye korido na kipimo cha masafa, nikasubiri. Wi-Fi ilionekana kwenye skrini kama siku zote, umbo pana lililo bapa juu. Mara ukazuka mstari mzito karibu na 2450, ukiyumba huku na huku, ukiwaka na kuzimika kwa kufuata mapigo ya umeme wa ukutani. Kwenye umeme wa hezi 50, hiyo ni takriban milisekunde 10 za kelele na milisekunde 10 za kimya. Wi-Fi hupenyeza pakiti zake kwenye vile vipande vya kimya, ndiyo maana mtandao haukuwa unakufa. Ulikuwa unachechemea. Ilikuwa maikrowevu ya chumba cha mapumziko.

Muuguzi mkuu aliniuliza, "Kwa hiyo tuitupe?"

"Hapana, mama. Kwenye masafa haya hiyo ndiyo mwenyeji. Sisi na kompyuta zetu ndio wageni."

Tulihamishia kompyuta za wauguzi kwenye gigahezi 5. Printa ya zamani, ambayo haikuijua bendi hiyo, tuliibakiza kwenye chaneli 1, mbali kadiri ilivyowezekana na ule mstari. Adhuhuri ikawa saa kama saa nyingine.

Hizo chaneli zenyewe zinahitaji maelezo, maana ndizo chanzo cha ugomvi mwingi ninaoitwa kuutatua. Bendi ya 2.4 ina chaneli 13 katika nchi nyingi, na 11 Marekani. Zimepangwa kwa umbali wa megahezi 5 kutoka moja hadi nyingine, lakini mtandao mmoja unakula megahezi 20 hivi. Kwa hiyo zinazochaguliwa kwa kawaida ili zisigusane ni tatu: 1, 6 na 11. Mtu akifungua programu ya kuchunguza mitandao kwenye simu, akaona chaneli 3 haina mtu, anafurahi na kuhamia hapo. Anakuwa amejiumiza, na amewaumiza walioko 1 na walioko 6.

Wi-Fi ina adabu yake: husikiliza kabla ya kuongea. Ikisikia Wi-Fi nyingine kwenye chaneli yake, hata ikiwa dhaifu kiasi cha desibeli -82 kwa kulinganisha na miliwati 1, inaitambua, inasubiri zamu. Ila ikisikia kelele isiyoweza kuisoma, haisubiri mpaka kelele hiyo ifike desibeli -62. Tofauti ya desibeli 20 ni mara 100. Aliyeko chaneli 3 hamsomi vizuri aliyeko chaneli 1, anamsikia kama kelele tu, basi anaongea juu yake bila kujua. Mitandao miwili ikikaa pamoja kwenye chaneli 1 inagawana muda. Ikikaa 1 na 3 inakanyagana. Hili nimelieleza kwa wateja mara nyingi sana, na wengi hawaniamini mpaka nihamishe chaneli mbele ya macho yao.

Kwenye jengo moja la ghorofa nilipitia mlango hadi mlango, kwa sababu kumtengenezea mpangaji mmoja kusingesaidia kitu. Kila mmoja alikuwa ameweka ruta yake kwenye nguvu ya juu kabisa, na kila mmoja alikuwa akilalamikia jirani. Mzee mmoja hakutaka hata kusikia.

"Kijana, mimi nimelipia intaneti yangu. Kwa nini nipunguze?"

"Mzee, ulicholipia ni ile inayoingia kwa kebo. Hewa hii hakuna aliyeilipia, na sote tumo ndani yake."

"Basi nionyeshe."

Nilimshusha kutoka miliwati 100 hadi 25, tukaenda naye chumba cha mwisho tukiwa na simu yake. Video ilicheza. Sababu ni kwamba mazungumzo ya Wi-Fi ni ya pande mbili, na nguvu ya simu kwa kawaida ni ndogo kuliko ya ruta. Ukiipandisha ruta, simu itaonyesha alama nyingi, ila ruta haitamsikia mwenye simu vizuri zaidi kuliko mwanzo. Nguvu ile ya ziada inakwenda kwa majirani, ambao sasa wanalazimika kusubiri mtu wasiyemhitaji. Mzee alikubali, na yeye ndiye aliyewashawishi wa ghorofa za juu. Tuligawana 1, 6 na 11 kwa kupishana ghorofa, tukashusha nguvu kote, na zile saa za jioni zilizokuwa na malalamiko zikatulia.

Kwa viungo vya umbali mrefu, yaani redio zinazounganishwa kutoka mbali, hesabu ya nguvu inakuwa kali zaidi. Sheria nyingi hazipimi nguvu ya redio peke yake. Zinapima redio pamoja na antena, yaani nguvu inayotoka upande ule antena inakoelekea. Ulaya, na nchi nyingi zinazofuata viwango vyake, kikomo cha 2.4 ni miliwati 100 kwa kipimo hicho. Chukua redio ya miliwati 100, uifunge kwenye antena ya dishi yenye ongezeko la desibeli 24: unaelekeza sawa na wati 25. Mafundi wengi hawajui kwamba hapo wameshavuka kikomo mara 250, kwa sababu lebo ya redio bado inasomeka miliwati 100. Marekani ina msimamo tofauti kwa viungo vya nukta hadi nukta (redio mbili tu zinazotazamana) kwenye gigahezi 5.8: antena inaweza kuwa kubwa bila kulazimika kushusha redio. Ndiyo maana maelekezo ya kifaa kilichoandikwa kwa nchi moja hayafai kuchukuliwa kama yalivyo na kupelekwa nchi nyingine.

Lakini kuna jambo ambalo lilinibadilisha namna ya kufikiri. Sheria inabana kurusha, haibani kusikia. Dishi kubwa upande wa pili halizidishi kelele kwa mtu yeyote likiwa linapokea, na kwa kuwa linatazama upande mmoja tu, halisikii fujo za pembeni. Basi naongeza ukubwa wa dishi na urefu wa mlingoti, kisha ninashusha redio hadi jumla yake na dishi isivuke kikomo. Kwenye kiungo cha kilomita 10 kwa gigahezi 5.8, mawimbi yanahitaji uwazi mpana kuzunguka mstari wa kuonana, ambao katikati ya njia unafikia nusukipenyo cha mita 11 hivi. Mti ulioingia humo hauondolewi kwa wati. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake nchini Venezuela waliunganisha Wi-Fi kati ya vilele viwili vya milima vilivyo umbali wa kilomita 382. Siri kubwa ilikuwa urefu wa milima, antena na programu iliyorekebishwa ili redio zivumilie kuchelewa kwa majibu.

Jambo lililonigusa kuliko yote nililikuta kwenye gigahezi 5.

Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003 ulifungua megahezi 5150 hadi 5350 na 5470 hadi 5725 kwa mitandao kama yetu, lakini humo rada zilikuwa zimetangulia. Sharti likawa hili: kifaa kinachotaka kutumia chaneli yenye rada kikae kimya kwanza sekunde 60, kisikilize. Kikisikia mapigo ya rada wakati kinafanya kazi, kiondoke ndani ya sekunde 10 na kisirudi kwenye chaneli ile kwa dakika 30. Ulaya, kati ya 5600 na 5650, ambako rada za hali ya hewa hufanya kazi, kusubiri kwenyewe ni dakika 10. Mafundi huuita utaratibu huu DFS, na wengi wanauchukia. Uko juu ya mlingoti, mteja yuko chini anauliza mbona bado, na redio imenyamaza tu. Wapo wanaoamua kuuzima kwa kubadilisha nchi kwenye mipangilio, wakachagua ile ambayo kifaa hakidai utaratibu huo.

Mkaguzi mmoja wa mamlaka ya mawasiliano aliniomba nimsaidie kutafuta chanzo cha usumbufu, kwa kuwa niliifahamu minara ya eneo lile. Tulianzia kwenye ofisi ya hali ya hewa. Mtaalamu wa zamu alitufungulia picha ya rada. Mvua halisi ina kingo zilizochanika, inasogea, inanenepa na kufifia. Pembeni ya mvua ile palikuwa na mstari mwembamba ulionyooka, ukitoka katikati ilipo rada hadi ukingoni mwa picha, na kila antena ilipomaliza mzunguko mstari ulirudi palepale.

"Upande huu mimi ni kipofu," alisema dada yule, akiupitishia kidole. "Dhoruba ikija kwa njia hii, siwezi kuitenganisha na hiki. Na programu ya kusafisha picha ikifuta mstari, inaweza kufuta na mvua iliyomo."

Tuliuchukua mwelekeo, tukauchora kwenye ramani, tukaufuata. Ulitufikisha kwenye jengo lenye mlingoti na dishi la mtoa huduma mdogo wa intaneti. Fundi wao, kijana mwenye bidii, alituonyesha kila kitu bila kuficha. Alikuwa amebadilisha nchi kwenye mipangilio kwa sababu kiungo kilikuwa kinakata kila mara. Kilikuwa kinakata kwa sababu redio yake ilikuwa ikiisikia rada kweli na kuipisha, kama ilivyotengenezwa kufanya. Hakuna aliyekuwa amemweleza hivyo. Tulirudisha nchi sahihi, tukahamisha kiungo hadi masafa yaliyoruhusiwa mbali na rada, tukaelekeza upya madishi. Mkaguzi alipiga simu ofisi ya hali ya hewa tukiwa bado chini ya mlingoti. Mstari ulikuwa umeondoka.

Tatizo hilo si la mahali pamoja. Marekani ililigundua mwaka 2009 huko San Juan, Puerto Rico, kwenye rada za viwanja vya ndege zinazotambua mabadiliko ya ghafla ya upepo wakati ndege inatua, na FCC ikaanza kuwatoza faini watoa huduma. Ninapomwona mtu akijisifu kwamba amezima DFS, naumia, na simnyamazii. Bendi ile tulipewa kwa ahadi ya kupisha.

Kuna nchi ambazo kosa linaanzia kwenye manunuzi. ITU imegawa dunia katika kanda tatu, na bendi ya megahezi 902 hadi 928, ambayo vifaa vingi vya Amerika huitumia bila leseni, ni huru kwa namna hiyo katika kanda ya pili tu, yaani bara la Amerika. Katika kanda ya kwanza, inayojumuisha Ulaya na Afrika, simu za GSM hupiga kwenda mnarani kwa kutumia megahezi 890 hadi 915. Mteja mmoja alikuwa ameagiza vihisi vya kupima maji vya masafa ya Amerika kwa matumizi ya kanda ya kwanza. Nilimshauri avirudishe kabla ya kuviwasha, achukue vya megahezi 868. Huko nako kuna masharti: kwenye sehemu kubwa ya bendi hiyo kifaa kinaruhusiwa kuwa hewani asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kihisi cha maji kinachotuma namba chache hakihitaji zaidi ya hapo.

Na nimeombwa pia kuzuia Wi-Fi za wengine. Mwandaaji wa mkutano alitaka washiriki walazimike kutumia mtandao wake wa kulipia, akaniuliza kama ninaweza kuzifanya ruta zake zizikatie simu za watu zinazogawa intaneti. Kwa ufundi inawezekana, kwa kutuma ujumbe wa kughushi unaoamuru kifaa kijitoe. Nilikataa. Mwaka 2014 kampuni ya hoteli ya Marriott ilikubali kulipa dola 600,000 kwa FCC kwa jambo la namna hiyo lililofanyika kwenye hoteli moja iliyokuwa ikiisimamia huko Nashville. Ukumbi ni wako, viti ni vyako, masafa si yako.

Sasa mjadala umehamia gigahezi 6. Mwezi Aprili 2020 FCC ilifungua megahezi 1200 nzima, kutoka 5925 hadi 7125. Umoja wa Ulaya mwaka 2021 ulifungua 480 za chini, kutoka 5945 hadi 6425, kwa ndani ya majengo kwa miliwati 200 na kwa vifaa vidogo vya kubebeka kwa miliwati 25. Nusu ya juu ndiyo inayogombaniwa: mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2023, uliofanyika Dubai, uliitaja 6425 hadi 7125 kuwa inafaa kwa mitandao ya simu katika kanda ya kwanza, huku ukitambua kwamba Wi-Fi nayo inaweza kuitumia. Kampuni za simu zina wanasheria na wahandisi wa kuandika maoni kurasa kwa kurasa. Sisi mafundi tunaokesha juu ya milingoti huwa hatuandiki, kisha tunashangaa sheria zikitoka bila sisi.

Mdhibiti alipotangaza kukusanya maoni, niliandika. Sikuomba nguvu zaidi. Niliambatanisha picha za kipimo cha masafa kutoka majengo niliyofanyia kazi, zikionyesha 2.4 ilivyojaa saa za jioni na 5 inavyobanwa na rada. Niliomba sehemu ya chini ifunguliwe kwa matumizi ya ndani kwa nguvu ndogo, kwa sababu kuta ndizo zitakazozilinda setilaiti na viungo vya nukta hadi nukta vilivyomo humo tayari. Niliomba pia kwamba kifaa kinachouzwa kije na nchi iliyofungwa kiwandani, ili kusiwe na menyu ya kuchagua nchi nyingine, na kwamba ofisi ya hali ya hewa iwe na namba moja ya simu ambayo fundi anaweza kuipiga kabla hajapandisha kiungo cha gigahezi 5, aulize rada inatumia masafa gani na iko upande gani. Hilo la mwisho halihitaji sheria mpya, na mkaguzi niliyefuatana naye siku ile ameshaanza kulifanyia kazi.